Hans Spemann: Aliyesaka siri ya seli kwa unywele wa mtoto

UNYWELE wa mtoto mchanga ndio uliokuwa kifaa cha thamani zaidi mezani pa Hans Spemann mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kitanzi cha unywele huo, mwanasayansi huyu Mjerumani alilibana yai la salamanda, kiumbe wa jamii ya vyura mwenye umbo la mjusi, huku akichungulia kwa hadubini. Yai lenyewe halikuzidi punje ya mtama.

Wataalamu ambao siku hizi huchukua seli ya ngozi ya mtu mzima na kuigeuza kuwa seli shina, yaani seli changa iwezayo kuzaa misuli ya moyo, neva au ini, wanapita katika njia aliyoanza kuifyeka kwa kitanzi hicho.

Spemann alizaliwa Juni 27, 1869 mjini Stuttgart, mwana wa mchapishaji vitabu. Baada ya masomo ya shule alifanya kazi katika biashara ya babake, akahudumu jeshini, kisha mnamo 1891 akajiunga na Chuo Kikuu cha Heidelberg kusomea udaktari. Hatimaye aliacha wagonjwa akageukia elimu ya wanyama, na kupata shahada ya uzamifu Würzburg mwaka wa 1895.

Kifua kikuu ndicho kilichomwonyesha kazi yake ya maisha. Akiwa amelazwa kwa maradhi hayo katika majira ya baridi ya 1896, alisoma kitabu cha August Weismann kuhusu urithi. Weismann alishikilia kwamba kila seli ya kiinitete inapogawanyika, urithi wake nao hugawanywa, mithili ya shamba linalokatwakatwa miongoni mwa wana na wajukuu hadi kila mmoja abaki na kijisehemu. Seli ya ngozi, kwa mujibu wa nadharia hiyo, husalia na maagizo ya ngozi pekee. Kama ni hivyo, seli iliyokwisha kukomaa haina njia ya kurudi utotoni.

Spemann aliamua kulipima jambo hilo. Alipozitenga kabisa seli mbili za mwanzo za kiinitete cha salamanda, mara nyingi kila moja ilikua ikawa mnyama kamili. Alipokaza kitanzi nusu tu, alipata viluwiluwi wenye vichwa viwili.

Jaribio alilolieleza mnamo 1928 lilikuwa la werevu zaidi. Alilibana yai lililorutubishwa hivi kwamba kiini, ghala la urithi, kikabaki upande mmoja. Upande huo ulipofikia seli 16, aliacha kiini kimoja kipenye hadi upande wa pili, kisha akautenganisha. Upande huo nao ulikua ukatoa salamanda mzima. Urithi ulikuwa haujapungua.

Hata hivyo, sifa zake kubwa zaidi zilitokana na kazi ya mikono ya mtu mwingine. Katika Chuo Kikuu cha Freiburg, alikohamia 1919, mwanafunzi wake Hilde Mangold alikata kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda mweupe na kukipandikiza tumboni mwa kiinitete cha salamanda wa rangi nyeusi zaidi. Kiinitete cha pili kikaanza kuumbika hapo, kikiwa na uti wa mgongo wake, na sehemu kubwa ya seli zake zilikuwa za mwenyeji. Kipande kile kilikuwa kimezishawishi seli jirani kubadili mwelekeo. Spemann alikiita mratibu.

Makala yalipochapishwa 1924, jina la Spemann lilitangulia, ingawa wanafunzi wake wengine waliruhusiwa kuchapisha kazi zao peke yao. Viktor Hamburger, aliyesoma pamoja na Hilde, alisimulia baadaye kwamba jambo hilo halikumpendeza bibi huyo. Ni vigumu kumlaumu. Septemba mwaka huo huo alifariki kwa majeraha ya moto baada ya jiko kulipuka, akiwa na umri wa miaka 25. Spemann alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mnamo 1935, Hilde alikuwa amelala kaburini miaka 11.

Katika kitabu cha 1938, mzee huyu alipendekeza jaribio ambalo hakuwa na vifaa vya kulitekeleza: kuchukua kiini cha seli iliyokomaa na kukitia katika yai lisilo na kiini. Alifariki Septemba 1941 bila kuliona likifanywa.

Robert Briggs na Thomas King walihamisha viini vya viinitete vya chura nchini Marekani mwaka wa 1952. Muingereza John Gurdon alitumia seli za utumbo wa kiluwiluwi mnamo 1962, na kondoo Dolly akazaliwa Scotland mwaka wa 1996 kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima. Mnamo 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha seli za panya utotoni kwa kutumia jeni nne tu, bila yai lolote. Miaka minane baadaye, mjini Kobe, mgonjwa wa macho alipandikizwa tishu ya retina iliyooteshwa kutokana na ngozi yake mwenyewe.