Samuel Crompton na Nyumbu Wake

Nawaletea maisha ya Samuel Crompton, Mwingereza aliyegundua namna ya kuvuta uzi wa pamba hadi ukawa mwembamba sana bila kukatika.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1753 karibu na mji wa Bolton. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, basi ikambidi amsaidie mama yake kusokota pamba. Walitumia mashine ya James Hargreaves, lakini uzi wake ulikuwa dhaifu, unakatika ovyo ovyo. Kijana alichoka kuunga nyuzi. Kuanzia mwaka wa 1774 akawa anaunda mashine yake mwenyewe, kwa siri, usiku. Pesa alizipata kwa kupiga fidla katika jumba la michezo ya kuigiza. Nadhani mpiga fidla huelewa jambo hili haraka: uzi ukilegea haulii, ukikazwa mno unakatika!

Mwaka wa 1779 kazi ikakamilika. Alichukua rola kama za Richard Arkwright na vijiti vya kusokotea kama vya Hargreaves, akavipanga vijiti juu ya kigari. Rola zilitoa pamba polepole, nacho kigari kikaivuta kwa mwendo uliozidi wa rola kidogo tu, huku vijiti vikisokota. Sehemu nyembamba zilishika msokoto kwanza zikawa imara, kwa hivyo zilizorefuka ni zile nene. Uzi ukatoka sawasawa. Kwa kuwa mashine hii ilikuwa chotara, iliitwa nyumbu, yaani mtoto wa punda na farasi, sio wale nyumbu wa Maasai Mara.

Watu walimiminika kwake, wengine ati wakapanda ngazi kuchungulia dirishani. Crompton hakuwa na hati ya kulinda uvumbuzi wake. Wenye viwanda wakamwahidi mchango akiwaonyesha siri. Akawaonyesha, lakini wengi wakajitia hamnazo. Mwaka wa 1811 alizunguka viwandani akahesabu vijiti zaidi ya milioni 4 vya nyumbu wake. Mwaka uliofuata Bunge likampa paundi 5,000, nazo zikapotelea katika biashara. Alifariki tarehe 26 Juni 1827, bila mali.

Bolton ilimsimamishia sanamu mwaka wa 1862. Mimi naona ingekuwa heri wamlipe akiwa hai. Nawe mwanachama, ukibuni kitu, kilinde kwanza, kisha ndio ukionyeshe.