Vladimir Nabokov na Rangi za Herufi

Sisi walimu tumezoea kusahihisha kosa la mtoto mara tu tulisikiapo. Maisha ya mwandishi Vladimir Nabokov yanatukumbusha kuuliza kwanza.

Nabokov alizaliwa mwaka 1899 mjini St. Petersburg, Urusi. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, akijenga mnara kwa vipande vya mbao vyenye herufi, alimweleza mama yake kwamba herufi hizo zilipakwa rangi zisizo zake. Mama alimwelewa, kwani yeye pia alizionea herufi rangi, na baadhi ya rangi zao zilifanana. Mama alipata rangi hata katika sauti za muziki, jambo ambalo mwanawe hakuwa nalo. Hakumkataza, alimkuza katika kutazama, akamchorea picha nyingi za rangi za maji.

Baada ya mapinduzi, familia iliihama Urusi mwaka 1919. Nabokov alisoma Cambridge, akaishi Berlin na Ufaransa, kisha akahamia Marekani mwaka 1940. Alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Cornell tangu 1948 hadi 1959, akasifika kwa vitabu vyake vya Kirusi na vya Kiingereza. Rangi za herufi hazikumtoka. Alizieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1951. Alifariki Uswisi mwaka 1977.

Hali hii huitwa sinesthesia: hisi moja ikiamshwa, nyingine huitika pamoja nayo. Si ugonjwa wala si uongo. Mwenye nayo huuona wino mweusi kama tuuonavyo, lakini herufi humjia na rangi yake, ile ile mwaka hadi mwaka. Nasi hatuko mbali naye sana. Twasema sauti nyororo, maneno makali, hata twasikia harufu, wala hatushangazani. Tofauti ni kwamba sisi twalinganisha kwa maneno, lakini yeye hupata hisi yenyewe pasipo kuitafuta.

Basi mtoto wa darasa la kwanza akisema herufi A ni nyekundu, nayo imeandikwa kwa chaki nyeupe, tusimwite mwongo mbele ya wenzake. Tukifanya hivyo tutamfundisha kunyamaza. Tumwulize aonavyo, tumsikilize, kisha tumfundishe sauti ya herufi hiyo kama wengine wote.