Albrecht von Graefe, Mganga wa Macho

Bwana huyu alizaliwa Berlin mwaka wa 1828, mwana wa mpasuaji mashuhuri. Mwaka wa 1851 Helmholtz alipotoa kioo cha kutazamia ndani ya jicho, Graefe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukitumia.

Siku zile mwenye mtoto wa jicho alipasuliwa kwa kisu kipana cha pembe tatu, ili lenzi yenye ukungu itolewe. Kisu hicho kilifungua karibu nusu ya ukingo wa ngozi angavu iliyo mbele ya jicho. Jeraha kubwa namna hiyo halikufumba upesi. Mara nyingine likafanya usaha, jicho likapotea kabisa. Graefe alijaribu njia nyingi, hata katikati ya miaka ya 1860 akapata kisu chembamba kirefu, akakipitisha ukingoni apate mkato ulionyoka zaidi. Ndipo midomo ya jeraha ilipokutana vema, na usaha ukapungua sana. Nanyi fikirini, wasomaji wapenzi, jinsi mkono ule ulivyopaswa kutulia! Maana dawa ya kutiwa jichoni lisisikie maumivu ilijulikana mwaka wa 1884, naye alikwisha kufa.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1857, alionyesha kwamba glaukoma, yaani jicho kuwa gumu kwa maji yake yaliyozidi, yaweza kuzuiwa kwa kukata kipande cha duara ya rangi izungukayo mboni. Wagonjwa hao zamani waliachwa wapofuke tu.

Maskini aliwatibu bure. Mwenyewe aliugua kifua kikuu, akafa Julai 20, 1870, umri wake miaka 42. Kisu chake kilitumiwa hata karne ya 20.