Dokta Hindorf na Miche 62 ya Mkonge

Msafiri atokaye Segera kwenda Tanga, akipita Hale na Muheza, huona mkonge umesimama safu kwa safu kana kwamba ulikuwapo tangu kuumbwa kwa nchi hii. Sivyo. Mkonge ni mgeni wa pwani yetu, na aliyeuleta ajulikana: ni Dokta Richard Hindorf, bingwa wa kilimo kutoka Ujerumani. Twaona yafaa wafanyakazi na wakulima waijue habari yake, kwani ndani yake mna mafunzo ambayo Tanga ingali inayahitaji.

Hindorf alizaliwa mwaka 1863. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 aliitumikia Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Miaka michache kabla ya hapo, utawala wa kampuni hiyo ulikuwa umezusha vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Ardhi ilikwisha kutwaliwa kwa bunduki. Lakini bunduki haioteshi mazao. Tumbaku ya Lewa na pamba ya Kikogwe hazikuleta faida iliyotarajiwa.

Hapo Hindorf alijiuliza swali ambalo kila mkulima hana budi kujiuliza: ni mmea gani utakaolistahimili jua la Pangani, ukaridhika na udongo wake, na tena ukapata mnunuzi ng'ambo? Jibu alilipata katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza, lililoeleza habari za mkonge wa Yucatan katika nchi ya Mexico. Jimbo hilo lilikuwa limetajirika kwa kuuza nyuzi za kusokotea kamba za meli, na kamba za kufungia ngano katika mashine za kuvunia za Marekani.

Watu wa Yucatan hawakutaka mmea wao utoke. Lakini tangu miaka ya 1830 mkonge ulikuwa umekwisha kupelekwa Florida na Henry Perrine, balozi mdogo wa Marekani katika Mexico. Huko ndiko Hindorf alikoagiza miche 1,000. Kuna hekaya isemayo kwamba miche hiyo ilifichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Hekaya hiyo yapendeza masikioni, lakini miche ilinunuliwa kwa biashara ya kawaida na kupitia bandari ya Hamburg. Safari ilikuwa ndefu, na ilipofika Tanga mwaka 1893, iliyokuwa hai ni 62 tu.

Mtu mwingine angalikata tamaa. Miche hiyo 62 ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani, ikatunzwa. Mkonge hutoa machipukizi shinani, na kabla ya kufa huinua mlingoti wenye miche mingi juu yake. Kwa subira, kufikia mwaka 1898 mimea ilikuwa 63,000. Mwaka 1900 nyuzi za kwanza, tani saba na nusu, zilipelekwa ng'ambo. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mashamba yakaifuata. Mwaka 1913 nchi iliuza zaidi ya tani 20,000.

Hata hivyo bingwa mmoja hafanyi tani 20,000. Waliokata majani yenye miiba, waliosimama kwenye korona na kuanika singa juani, walikuwa watu wetu, na wengi wao waliletwa kutoka mikoa ya mbali kwa mkataba, wakaitwa manamba. Mwajiri akitaka kushindana na Mexico kwa bei, jambo la kwanza alilolipunguza lilikuwa ujira. Jina la Hindorf limeandikwa vitabuni; majina yao hayakuandikwa.

Hindorf alifariki Berlin mwaka 1954, naye ana umri wa miaka 90. Wakati huo Tanganyika ilikuwa imekwisha kuwapita wote duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 mavuno yalifika takriban tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakakosa mitambo na fedha, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa chini ya tani 30,000. Siku hizi Brazil ndiyo itanguliayo.

Basi tujifunze nini? Kwanza, zao hushinda kwa elimu. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichoanzishwa mwaka 1934, ndicho kilichozaa mkonge chotara utoao majani mengi kuliko ule wa Kikogwe. Kituo kama hicho kisipopewa fedha, shamba huzeeka. Pili, singa ni takriban sehemu nne tu katika mia za uzito wa jani. Kule Hale imekwisha kuonyeshwa kwamba mabaki yake hutoa gesi ya kuzalishia umeme. Atupaye sehemu 96 hawezi kumshinda azitumiaye.

Tatu, na kubwa zaidi, ni haki ya mwenye jasho. Wakulima wadogo waliopewa viwanja katika mashamba ya Hale, Ngombezi na Magoma hawana korona zao wenyewe. Jani likikatwa, lisiposindikwa upesi hukauka, na pamoja nalo kazi ya miaka mitatu au minne. Korona ikiharibika, au ikiwa foleni ni ndefu, hasara ni ya mkulima. Vyama vya ushirika havina budi kuwa na sauti katika mitambo hiyo, na ikiwezekana kuimiliki.

Hindorf alithibitisha kwamba miche 62 yatosha kuanzisha utajiri. Hakuthibitisha kwamba utajiri huo utamfikia mkataji. Kazi hiyo ilibaki, nayo ni yetu.