Rumford: Mtoto wa mkulima aliyeufungia moto ndani ya matofali

Fundi wa kuchomelea jijini Arusha anapopata oda ya oveni ya mikate, huanza na sanduku la bati, kisha huchomelea vyuma vya engo pande mbili za ndani ili trei ziingie na kutoka kwa kuvutwa. Mmoja wa mababu wa kazi hiyo ni Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kama Count Rumford, aliyefariki dunia mwaka 1814.

Thompson alizaliwa Machi 26, 1753 katika familia ya wakulima huko Woburn, Massachusetts, wakati huo likiwa koloni la Uingereza. Baba yake alifariki akiwa bado mchanga. Alipelekwa kujifunza kazi ya duka mjini Salem, baadaye akawa mwalimu, na mwaka 1772 akamwoa Sarah Rolfe, mjane tajiri aliyemzidi umri.

Wamarekani walipoanza kudai uhuru, yeye alichagua upande wa mfalme na kuwapenyezea Waingereza habari za siri. Mwaka 1776 alikimbilia London, akimwacha mke na binti mdogo. Hakurudi tena kwa mkewe. Wengi wanaomsifu kwa majiko yake huipita sehemu hii haraka.

Mwaka 1784 Mfalme George III alimpa cheo cha heshima, naye akahamia Bavaria, Ujerumani ya leo, kumtumikia mtawala wa huko. Kazi yake ilikuwa kulipanga upya jeshi. Aliwagawia askari bustani za kulima mboga na viazi, na Januari 1, 1790 akaamuru ombaomba wa mjini Munich wakusanywe na kupelekwa kwenye nyumba ya kazi, wakashone sare za jeshi.

Hapo ndipo hesabu za jikoni zilipomkamata. Kulisha mamia ya watu kila siku kulitaka chakula cha bei nafuu, naye akabuni supu ya shayiri, njegere, viazi, siki na mkate mkavu. Lakini sufuria iliyokaa juu ya moto wa wazi ilikula kuni kupita kiasi. Rumford alianza kupima kuni kwa mizani kama mfanyabiashara anavyopima unga, akaona kwamba sehemu kubwa ya joto ilipotelea kwenye bomba la moshi na kwenye uso wa mpishi.

Dawa yake ilikuwa kuufunga moto. Kila sufuria ilipewa tanuru lake dogo ndani ya matofali, lenye kifuniko cha kupunguza au kuongeza hewa. Kwa nyama alibuni oveni ya pipa la bati lililolazwa, lenye kipenyo cha sentimita 45 hivi na urefu wa sentimita 60, lililojengewa ndani ya matofali huku moto ukiwa chini yake. Mlango ulikuwa wa bati mbili zenye nafasi katikati ili joto lisitoroke. Ndani kulikuwa na rafu, na juu yake karai la kukinga mafuta, lililoingizwa na kutolewa kwa mbele. Karai hilo lilikuwa na maji chini yake ili mafuta yasiungue na kujaza moshi.

Mabomba mawili ya chini yaliingiza hewa kavu ya moto, na bomba jingine likatoa mvuke. Mpishi alioka kwanza mabomba yakiwa yamefungwa, kisha akayafungua mwishoni ili nyama ipate rangi. Asiyeelewa mabomba hayo alipata nyama iliyochemka badala ya kuokwa, akalaumu oveni.

Kanuni hiyo haijabadilika kwa oveni ya mikate. Trei inayojaza upana wote huzuia hewa ya moto kupanda, na mikate ya chini huungua wakati ya juu ikiwa mibichi. Trei ya chuma yenye urefu wa sentimita 60 ikipashwa kwa nyuzi 200 zaidi hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu, na kwa kuwa ni nyembamba, hupata joto kabla ya fremu. Fundi asiyeacha nafasi humwachia mwokaji trei iliyokwama, mlango wazi na gesi inayolipiwa bure.

Rumford hakutaka hataza kwa majiko yake. Aliruhusu kila mtu ayatengeneze. Faida ni kwamba yalivuka bahari: nyumba ya Rundlet-May huko Portsmouth, New Hampshire, iliyojengwa 1807, bado inayo oveni ya aina yake. Hasara ni kwamba yeyote mwenye nyundo aliweza kuiga umbo bila kuelewa kazi ya kila bomba, na mnunuzi hakuwa na wa kumlalamikia.

Mwaka 1798 alieleza jinsi utoboaji wa mizinga mjini Munich ulivyotoa joto la kuchemsha maji bila moto wowote, akidai kuwa joto ni mwendo, si kitu kinachomiminika. Mwaka 1799 alishiriki kuanzisha Royal Institution ya London. Ndoa yake ya pili, ya mwaka 1805 na mjane wa mwanakemia Lavoisier, ilivunjika mwaka 1809.

Wakulima wa kahawa wa miteremko ya Mlima Meru wana sababu nyingine ya kumjua. Mwaka 1812 alichapisha insha ndefu kuhusu kahawa, akipinga kuichemsha kwa kuwa harufu, ambayo ndiyo anayoilipia mnywaji, hutoroka na mvuke. Alichora birika ambamo maji ya moto huchuja taratibu kupitia unga wa kahawa, nalo lilikuwa na ukuta wa pili wa kutunza joto. Miaka miwili baadaye, Agosti 21, 1814, alifariki huko Auteuil, kando ya Paris, na kuzikwa hapo hapo.