Joginder Singh, fundi wa gereji aliyeshinda Safari kwa gari la mtumba

Rali ya Mkwawa inapofanyika Iringa, kando ya barabara za vumbi hujaa watu mapema asubuhi. Watoto hupanda miti, akina mama huuza chai na maandazi, na gari likipita kila mtu anafunika pua huku anashangilia. Wasikilizaji wetu wa Iringa na Mbeya hutuuliza swali moja kuhusu mchezo huu: je, ni lazima uwe tajiri ndipo ushindane?

Hatutawadanganya. Mchezo huu ni ghali, zamani na sasa. Lakini yuko mtu mmoja aliyekulia gerejini, mikono imejaa grisi, ambaye alishinda mashindano magumu kuliko yote ya magari Afrika Mashariki. Gari aliloshinda nalo lilikuwa limeshatumika na watu wengine mwaka uliotangulia. Jina lake ni Joginder Singh. Vijana wengi wa leo hawalijui. Wazee waliokuwa madereva au mafundi miaka ya sitini na sabini wanalijua vizuri sana.

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, kwenye mashamba ya chai ya Kenya. Msikilizaji wetu wa Mufindi au Tukuyu hahitaji kuelezwa Kericho inafananaje: vilima vya kijani, mvua karibu mwaka mzima, na barabara zinazogeuka uji wa tope. Familia yake ilikuwa ya Singasinga, kama tunavyowaita huku kwetu, yaani wafuasi wa dini ya Sikh wenye asili ya Punjab. Jina Singh lenyewe maana yake ni simba, ndiyo sababu mashabiki walikuja kumwita Simba. Baba yake alikuwa na gereji, na Joginder alikuwa mtoto wa kwanza katika familia kubwa. Wenye familia za namna hiyo wanajua maana yake. Mtoto wa kwanza hufundishwa kazi ya baba mapema, kwa sababu wadogo zake wanatazama chakula.

Alisoma Nairobi, kisha akaingia kwenye spana. Alifanya kazi kwa baba yake na katika gereji nyingine kabla ya kupata kazi kwenye chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani kusaidia wanachama walioharibikiwa. Leo mtu akiharibikiwa anapiga simu, fundi anapanda bodaboda na mfuko wa spana. Wakati ule ilibidi fundi azunguke mwenyewe awatafute waliokwama.

Sisi tunaona kazi hiyo ndiyo iliyomtengeneza. Fundi wa gereji huletewa gari likiwa limeshavutwa, anafungua boneti penye kivuli, na vipuri vikikosekana anamtuma mtoto dukani. Fundi wa barabarani hana duka. Anakutana na gari mahali lilipofia, kwenye mvua au jua, na lazima liondoke kwa vile alivyo navyo. Ukiifanya kazi hiyo kwa muda unajua ni kitu gani huvunjika, kwenye barabara ya namna gani, na kinatoa dalili gani kabla hakijavunjika. Mlio wa springi iliyoanza kuchoka. Harufu ya klachi. Sindano ya joto inayopanda pole pole. Joginder aliyajua haya kabla hajaingia kwenye mashindano makubwa.

Hapa tueleze kidogo mashindano yenyewe, maana Safari ya wakati ule haikufanana na rali tunazoziona siku hizi.

Safari ilianza mwaka 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Pili anatawazwa huko Uingereza, na jina lake la kwanza lilitokana na kutawazwa huko. Magari ya mwaka ule yalianzia Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi zote tatu zikiwa chini ya Waingereza. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari. Yalikuwa mashindano ya sikukuu ya Pasaka, na Pasaka ndiyo masika. Njia ilikuwa na urefu wa kama kilomita 5,000, na ilikimbiwa kwa siku chache, usiku na mchana.

Magari yaliondoka moja moja, kwa kupishana dakika chache. Kwa kawaida kila gari lilikuwa na watu wawili, dereva na msoma ramani, nao walibadilishana usukani mmoja akizidiwa na usingizi. Njiani kulikuwa na vituo. Kila kituo kilikuwa na muda wake uliopangwa, na ukichelewa unaandikiwa dakika za adhabu. Aliyemaliza na adhabu ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Barabara hazikufungwa. Ukiwa kwenye mwendo mkali unaweza kukuta basi limejaa abiria, ng'ombe wanavuka, au tembo kasimama katikati. Mto ukijaa unasubiri upungue au unajaribu bahati yako.

Nyuma ya kila dereva walikuwepo watu ambao picha za magazeti hazikuwaonyesha. Mafundi walitangulia na magari yao, wakakesha kando ya barabara na tairi, shokapu, madebe ya petroli na taa za karabai. Gari likifika, wanaingia chini yake likiwa bado linachemka. Walikuwepo pia wanavijiji waliosukuma magari yaliyokwama, wengine kwa kupenda mchezo, wengine kwa shilingi mbili tatu. Husimuliwa kwamba wapo waliomwagia tope maji ili lisikauke mapema, biashara isije ikafa. Tunaoijua barabara ya Kilolo wakati wa mvua hatuwezi kuushangaa ujanja huo.

Ugumu wake upimeni kwa hesabu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vile vile.

Viwanda vya Ulaya viliipenda Safari kwa sababu hiyo hiyo. Gari likishinda hapa, tangazo lake la biashara limeshaandikwa. Walileta magari mapya, madereva maarufu na vipuri vya kutosha, na mara nyingi walirudi mikono mitupu. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta timu yake. Haikufua dafu. Magari yakabaki Kenya na kuuzwa.

Moja ya magari hayo, Volvo PV544, liliangukia mikononi mwa Joginder na mdogo wake Jaswant. Lilikuwa na mgongo wa mviringo, umbo la kizamani hata kwa miaka hiyo, na mwaka huo huo wa 1965 kiwanda kiliacha kabisa kulitengeneza. Mtu wa kawaida angesema ndugu hawa wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini fundi haliangalii gari lililotumika kwa jicho la mnunuzi. Gari lililokwisha kupita kwenye Safari limeshaonyesha mahali pake dhaifu: palipopasuka, palipolegea, palipoingia maji. Kiwanda kiliona gari lililoshindwa, wao wakaona kazi iliyobaki kufanywa. Wakaifanya.

Pasaka ya 1965 walipewa namba 1. Namba hiyo ina faida na hasara zake. Kukiwa na vumbi, wa kwanza haoni vumbi la mtu. Kukiwa na tope, anapita kabla magari mengine hayajalichimba. Lakini pia ndiye anayegundua kwamba daraja halipo. Joginder na Jaswant walitangulia Nairobi wakiwa wa kwanza, na mwisho wa yote wakawa washindi. Watu wawili wa familia moja, kwa gari la mtumba, waliziacha nyuma timu zilizokuja na meli nzima ya vipuri.

Ushindi ule ulikuwa na uzito mwingine, nje ya mchezo. Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, miezi kumi na sita tu nyuma. Kabla ya hapo rangi ya mtu ndiyo iliyoamua asome wapi, aishi mtaa gani, alale hoteli gani. Tangu 1953 madereva wote walioshinda Safari walikuwa wazungu. Fundi wa Kihindi alikuwa mtu wa kulala chini ya gari la bwana mkubwa, na kikombe kilikuwa cha bwana mkubwa. Joginder ndiye dereva wa kwanza asiye mzungu kukinyanyua kikombe hicho. Hatusemi kwamba siku ile ubaguzi uliisha, na tena ikumbukwe kwamba miaka iliyofuata haikuwa rahisi kwa Wahindi wa Afrika Mashariki. Lakini watu waliokuwa kando ya barabara waliona kwa macho yao.

Tanzania nayo ilikuwa na mtu wake. Bert Shankland, aliyeishi Dar es Salaam, alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu wengi walilitumia kama teksi. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam.

Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulikuwa na safari yetu isiyokuwa na kikombe. Mwezi Novemba 1965, miezi saba baada ya ushindi wa Joginder, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikapoteza njia yake ya mafuta ya upande wa kusini. Petroli ikaanza kupita kwetu. Malori yaliyojaa mapipa yalitoka Dar es Salaam, yakapanda Kitonga, yakapita Iringa na Mbeya hadi Tunduma, sehemu kubwa ya barabara ikiwa bado ya udongo. Madereva waliiita njia ya jehanamu. Malori yalilala kwenye tope, mengine yalitumbukia makorongoni na hayakutolewa. Mafuta yalipata nafuu bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968, na lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya sabini. Gereji nyingi za kando ya barabara kuu zina mizizi katika kazi ya miaka ile. Dereva na utingo waliofungua difu usiku wa mvua pale Kitonga walikuwa wanafanya kazi ile ile ya mafundi wa Safari, ila wao hakuna aliyewapigia makofi.

Joginder hakuishia 1965. Kuanzia 1974 mashindano yaliitwa Safari Rally na yakawa ndani ya Kenya peke yake. Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa. Yeye alikuwa na Mitsubishi Lancer, gari dogo la Kijapani ambalo wengi walilicheka, na msoma ramani wake alikuwa David Doig. Björn Waldegård wa Sweden alikuja na Porsche, gari lenye nguvu kupita Lancer kwa mbali. Porsche ikawa ya pili. Mitsubishi ilikuwa haijawahi kushinda mashindano yoyote ya ubingwa wa dunia wa rali kabla ya siku hiyo.

Miaka miwili baadaye, 1976, alirudia na Doig yule yule, na magari ya Lancer yakashika nafasi tatu za juu. Joginder alikuwa na miaka 44. Hakuna aliyekuwa ameshinda Safari mara tatu kabla yake. Rekodi hiyo ilikuja kupitwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyefikisha mara tano mwaka 1982.

Lakini kwetu sisi hesabu kubwa ya Joginder si hizo mara tatu. Aliingia Safari mara 22 na akamaliza mara 19. Rudini kwenye zile namba za 1963 na 1968, magari saba kwa saba, halafu mwitazame hiyo kumi na tisa. Madereva wenye mbio kuliko yeye walikuwepo, tena wengi, ila magari yao yaliwafia njiani. Yeye alilisikiliza gari. Alijua lini alikamue na lini aliachie lipumue, na likiharibika alishuka akalitengeneza mwenyewe.

Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 huko Naivasha. Siku hizi sehemu ya mbio zenyewe ni kama kilomita 350, barabara zinafungwa, na mafundi wanahesabiwa dakika za kuligusa gari. Ni mchezo mzuri, nasi tunaufuatilia. Ila dereva wa leo hapimwi usiku kucha na barabara yenye mabasi na ng'ombe.

Uzeeni Joginder aliishi London, na huko ndiko alikofariki tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Jaswant, aliyekaa naye kwenye ile Volvo, hatajwi sana, ingawa kikombe cha 1965 kilikuwa cha wote wawili.