William Beckford, tajiri aliyeuza jumba lake

William Beckford alizaliwa mwaka wa 1760 kule Uingereza. Baba yake, aliyekuwa meya wa London, alikufa mu 1770. Mutoto akariti mashamba makubwa ya miwa kule Jamaika, yenye kulimwa na watumwa Waafrika.

Ni ile sukari ndiyo ilijenga jumba la Fonthill Abbey, mu jimbo la Wiltshire. Kazi ilianza mwaka wa 1796. Munara wake ulipita metre 80, na kiwanja chote kilizungukwa na ukuta murefu. Mule ndani Beckford aliishi karibu peke yake.

Kisha bei ya sukari ikashuka, madeni yakapanda. Mwaka wa 1822 akauza yote kwa John Farquhar, aliyetajirika na biashara ya baruti kule India, karibu pauni 300.000. Miaka tatu nyuma yake, munara ukaanguka.

Uingereza ilipovunja utumwa kwa sheria ya 1833, Beckford alilipwa fidia ju ya watumwa wake. Wao wenyewe, wenye jasho lao lilijenga ile nyumba, hawakupata hata senti moja. Beckford alikufa mu muji wa Bath mwaka wa 1844.